Muda Mrefu Sana ni Saa Ngapi? Barua ya Wazi kwa Wanaosanifu, Wanaojaribu na Wanaoidhinisha Mifumo ya Habari ya Kijeshi

Kwa wahandisi wa programu, wakaguzi wa ubora, maofisa wa ununuzi na makamanda wanaotia saini mapokezi ya mitambo,



Barua hii inaelekezwa kwa watu ambao saini zao huamua kama mtambo utakabidhiwa kwa askari au utarudishwa kiwandani, nayo inadai jambo moja: kwamba kihatarishi kinachojulikana ofisini, lakini kisicho na kipimo, kisicho na mwenyewe, na kisichomfikia aliye zamu mbele ya skrini, hakijasimamiwa, hata kama kimetajwa katika makaratasi yote ya mradi. Mfumo wa habari wa kijeshi, kwa maana inayotumika hapa, ni mkusanyiko wa rada na vihisio vingine, kompyuta, programu, njia za mawasiliano na watu, unaokusanya habari za uwanja wa vita, ukazichambua, kisha ukampa kamanda picha anayoitegemea kuamua afyatue au asifyatue. Kihatarishi, neno ambalo ofisi za umma nchini Tanzania zimeshalizoea, ni tukio au hali ambayo bado haijatokea lakini ikitokea italizuia lengo lisifikiwe, nacho hupimwa kwa mambo mawili, yaani uwezekano wake wa kutokea na ukubwa wa madhara yake.

Mifumo hii haifanani na mingine yenye programu ndani yake. Muamala wa benki uliokosewa hurudishwa, na mteja akaombwa radhi. Kombora lililoachwa lipite, au ndege ya abiria iliyodhaniwa ni ya adui, havirudishwi. Tena mfumo wa kijeshi hukaa miaka mingi ukifanya mazoezi tu, halafu siku moja hutakiwa kufanya kazi yake ya kweli katika mazingira ambayo mara nyingi siyo yale aliyoyafikiria msanifu, ukikabiliana na adui ambaye kazi yake yenyewe ni kutafuta mahali ambapo msanifu hakufikiria. Kwa sababu hiyo, kila mfumo wa namna hii umejengwa juu ya dhana, yaani mambo yaliyochukuliwa kuwa kweli bila kuthibitishwa upya, na dhana hizo hubaki zimelala ndani ya programu muda mrefu baada ya waliozitunga kustaafu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Dhahran, Saudi Arabia. Usiku wa tarehe 25 Februari 1991, kombora la Scud lililorushwa na Iraq lilipiga ghala lililogeuzwa bweni la askari wa Marekani, likaua askari 28 na kujeruhi wengine karibu 100. Kumi na watatu kati ya waliokufa walikuwa wa kikosi kimoja cha akiba kutoka mji wa Greensburg, jimbo la Pennsylvania, ambacho kazi yake ilikuwa kusafisha maji, nacho kilikuwa hakijamaliza hata wiki moja nchini humo. Kikosi cha Alpha cha makombora ya kujihami ya Patriot, kilichowekwa kuulinda uwanja wa ndege wa Dhahran, hakikurusha kombora hata moja kulikabili lile lililokuwa linakuja. Mtambo wake ulikuwa unawaka na wahudumu wake walikuwa kazini. Taarifa iliyotolewa Februari 1992 na ofisi ya ukaguzi inayolitumikia Bunge la Marekani ilieleza kwamba mtambo ulitazama mahali pasipo sahihi.

Inafaa kosa hilo litazamwe kwa karibu, kwa sababu udogo wake ndio unaofundisha. Rada ya Patriot ikishaona kitu angani haiendelei kukitafuta kila upande. Kompyuta yake hukadiria, kutokana na kasi ya kitu hicho na wakati kilipoonekana mara ya mwisho, ni wapi kitatokea tena, kisha huchungulia sehemu hiyo peke yake, kama mtu anayetazama nje kwa kupitia kidirisha. Kikionekana ndani ya kidirisha, mtambo hukithibitisha na kuanza kukifuata. Kisipoonekana, huchukulia kwamba kilichoonekana mwanzo hakikuwa kitu, ukakiacha. Makadirio hayo yote yamesimama juu ya saa, na saa ya Patriot ilihesabu muda tangu mtambo ulipowashwa kwa sehemu za kumi za sekunde, ikaitunza hesabu hiyo kama namba nzima, halafu programu ikaizidisha kwa moja ya kumi ili kupata sekunde. Hapo ndipo penye ufa. Moja ya kumi, ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi huiandika 0.1 akaendelea na swali linalofuata, haina mwisho inapoandikwa kwa hesabu ya msingi wa mbili, ambayo ndiyo hesabu ya kompyuta na ina tarakimu 0 na 1 tu: huwa 0.000110011001100, na tarakimu zake hujirudia bila kikomo, kama theluthi inavyojirudia 0.333 katika desimali za kawaida. Nafasi iliyotengwa kuitunza namba hiyo ilikuwa ya biti 24, biti ikiwa ni nafasi ya tarakimu moja ya msingi wa mbili, kwa hiyo mkia wake ulikatwa, na kilichopotea ni takriban sekunde 0.000000095 katika kila sehemu ya kumi ya sekunde.

Upungufu huo hauonekani kwa jicho wala kwa jaribio la nusu siku, lakini unajumlika. Baada ya saa 8 za kuwaka mfululizo unafika sekunde 0.0275, na kidirisha kinasogea mita 55 kutoka mahali panapotakiwa. Baada ya saa 20 unafika sekunde 0.0687 na kidirisha kinasogea mita 137, kiasi kwamba kombora linalotafutwa limeshatoka nje yake. Usiku ule mtambo wa kikosi cha Alpha ulikuwa umewaka kwa zaidi ya saa 100. Upungufu ulifika theluthi ya sekunde, na kidirisha kilikuwa kimesogea mita 687.

Wasanifu wa Patriot hawakuwa wazembe, na ni dhuluma kuwaita hivyo. Mtambo wao ulibuniwa kwa ajili ya Ulaya, kupambana na ndege na makombora ya Kisovyeti yaliyotazamiwa kwenda kwa kasi isiyozidi takriban mara mbili ya kasi ya sauti, na ulitarajiwa kuhamahama, ukae mahali saa chache, uzimwe, uhamishwe, usije ukaonwa na adui. Katika matumizi hayo upungufu wa saa haukuwa na maana, kwa sababu kila kuzimwa kuliirudisha hesabu kwenye sifuri. Vita ya Ghuba ilibadilisha mambo mawili kwa pamoja: kitu kilichotakiwa kukamatwa sasa kilikwenda kwa kasi ya takriban mara tano ya sauti, na mtambo ulisimikwa mahali pamoja kama mnara, ukawaka mchana na usiku. Dhana iliyokuwa kweli Ulaya iligeuka uongo jangwani, na hapakuwa na karatasi wala ofisa aliyepewa kazi ya kuuliza ni dhana zipi zilizosafiri pamoja na mtambo.

Lakini lililo zito zaidi ni kwamba kosa lilijulikana kabla ya watu kufa. Tarehe 11 Februari 1991, ofisi ya mradi wa Patriot nchini Marekani ilipokea kutoka Israel kumbukumbu zilizoonyesha kwamba baada ya saa 8 za kuwaka mfululizo kidirisha kilikuwa kimesogea kwa asilimia 20. Ikiwa saa 8 zinaleta asilimia 20, hesabu ya kawaida inasema saa 20 zitaleta asilimia 50, na hapo kitu kinachotafutwa kinakuwa kimefika ukingoni mwa kidirisha na kutoka. Maofisa wa mradi walikubali kwamba tatizo lipo, ila walidhani kwamba vikosi vya Marekani haviwashi mitambo yao kwa saa 8 au zaidi bila kupumzika. Tarehe 16 Februari programu iliyorekebishwa ilitolewa. Tarehe 21 Februari watumiaji walipelekewa ujumbe kwamba kuuendesha mtambo kwa muda mrefu sana kunaweza kukisogeza kidirisha, na kwamba programu mpya iko njiani. Programu hiyo ilifika Dhahran tarehe 26 Februari, siku moja baada ya bweni kupigwa.

Ni wajibu wa kila msomaji wa barua hii kusimama kidogo juu ya maneno "muda mrefu sana". Ujumbe haukusema ni saa ngapi. Ofisi iliyouandika ilikuwa na namba mkononi, ila namba hiyo haikuingia katika ujumbe, na waandishi walidhani kwamba hakuna kikosi kitakachouwasha mtambo kwa muda wa kufikia hatari. Sajini aliye zamu jangwani, anayesoma ujumbe huo akiwa ameona mtambo wake ukifanya kazi jana na juzi, hana namna ya kujua kwamba saa 100 ni muda mrefu sana na kwamba hata saa 20 ni nyingi mno. Kuuzima mtambo na kuuwasha upya kulichukua sekunde 60 hadi 90. Tiba ya kihatarishi kile, kwa wakati ule, ilikuwa dakika moja na nusu kila baada ya saa chache, na ilishindikana kutolewa kwa sababu ya kivumishi kilichokaa mahali pa namba.

Kuna mambo mengine mawili katika tukio hilo ambayo kwa kawaida hupitwa haraka. La kwanza ni la vinasa kumbukumbu, yaani vifaa vinavyoweza kuunganishwa na mtambo ili vihifadhi kila ulichokiona na kukitenda. Waisraeli walipata ushahidi wao kwa sababu walivitumia; makamanda wa Marekani hawakuvitumia kwa kuhofu kwamba vingeweza kuuzima mtambo ghafla. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga, maana askari hapendi kuongeza kitu asichokijua kwenye silaha anayoitegemea, lakini matokeo yake ni kwamba jeshi lililokuwa na mitambo mingi zaidi lilikuwa na ushahidi mdogo zaidi kuhusu mitambo yake yenyewe. Mfumo unaohofiwa kuchunguzwa wakati wa kazi umesanifiwa nusu.

La pili ni la marekebisho yaliyofanywa kwa sehemu. Robert Skeel, mtaalamu wa hesabu za kompyuta aliyelichambua kosa hilo mwaka 1992, alieleza kwamba wakati programu ya Patriot ilipokuwa inaboreshwa ili iweze kukabili makombora yaendayo kasi zaidi, iliongezwa njia ya kuibadilisha saa kwa usahihi mkubwa zaidi, lakini njia hiyo haikuingizwa katika kila mahali saa inapotumika. Kama upungufu ungekuwa uleule pande zote mbili za hesabu, ungejifuta wenyewe kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa mtambo ulihitaji tofauti kati ya nyakati mbili kuliko wakati wenyewe. Upande mmoja ukisahihishwa na mwingine ukiachwa, tofauti inabaki wazi. Ndiyo kusema kwamba rekebisho ni kihatarishi kipya kinachostahili kuandikwa na kujaribiwa kama mfumo mzima, na kwamba anayeomba mabadiliko madogo tu katika programu ya kijeshi hajui bado kama ni madogo.

Wataalamu wa uundaji programu wameyafikiria mambo haya kwa muda mrefu. Winston Royce, katika makala yake ya mwaka 1970, aliuchora utaratibu wa kwenda hatua kwa hatua, kutoka mahitaji hadi usanifu, uandishi, majaribio na matumizi, uliokuja kufananishwa na maporomoko ya maji kwa sababu maji yakishashuka hayapandi. Na ajabu ni kwamba waliouchukua mchoro wake waliacha onyo lililoandikwa hapohapo, kuwa kuufuata bila kurudi nyuma ni kukaribisha kushindwa, kwa vile majaribio huja mwisho na makosa makubwa hugunduliwa fedha zikiwa zimekwisha. Barry Boehm, mwaka 1988, alichapisha mtindo mwingine unaozunguka kama ganda la konokono, ambapo kila mzunguko huanza kwa kuuliza ni kihatarishi gani kikubwa kuliko vyote kwa wakati huo, kisha kazi ya mzunguko mzima ikaelekezwa katika kukipunguza, kwa kielelezo, kwa jaribio au kwa hesabu, kabla ya fedha zaidi kutumika. Mtindo huo unasifiwa katika mihadhara mingi. Unapoingia katika ofisi za mradi, mara nyingi unageuka jedwali: safu ya uwezekano, safu ya madhara, rangi nyekundu, njano na kijani, na kikao cha kila robo mwaka cha kuzibadilisha rangi hizo. Jedwali la namna hiyo lina manufaa yake, ila haliwezi kushika dhana kama ya Dhahran, kwa sababu mwaka mtambo unaposanifiwa dhana hiyo haina rangi. Ni kweli tupu, na hakuna anayeiandika kweli tupu katika rejista ya vihatarishi.

Kinachotakiwa basi ni daftari la pili kando ya rejista, daftari la dhana, ambamo kila jambo lililochukuliwa kuwa kweli linaandikwa kwa kipimo: mtambo utawaka kwa saa zisizozidi kadhaa, kitu kitakachotazamwa hakitazidi kasi kadhaa, joto la chumba halitapita nyuzi kadhaa, ujumbe utafika ndani ya sekunde kadhaa. Kila mstari uwe na jina la cheo cha anayewajibika nao, na kila mara mtambo unapopelekwa mahali papya, unapopewa adui mpya au unapobadilishwa programu, daftari lifunguliwe mstari kwa mstari mbele ya wale watakaoutumia. Ni kazi ya kuchosha, na haina fahari yoyote.

Wapo watakaosema kwamba Dhahran ni tukio la zamani, la kompyuta zenye kumbukumbu ndogo. Lakini kilichotokea katika mfumo mwingine, hata kama ni wa zamani zaidi, kinaonyesha kwamba chanzo ni usanifu, siyo umri wa kompyuta. Tarehe 9 Novemba 1979, skrini za NORAD, kamandi ya pamoja ya Marekani na Kanada inayolinda anga ya Amerika Kaskazini, zilionyesha shambulio kubwa la makombora ya Kisovyeti, na ikaja kubainika kwamba habari za zoezi zilikuwa zimeingia katika mfumo wa kazi. Baada ya hapo kilijengwa kituo tofauti cha majaribio. Miezi saba baadaye, tarehe 3 Juni 1980, namba za makombora zilianza kuruka tena kwenye skrini, safari hii kwa sababu ya kijidude cha elektroniki chenye thamani ya senti 46. Kijidude kibovu ni jambo la kawaida. Udhaifu ulikuwa katika usanifu, kwa kuwa ili kuthibitisha kwamba njia ya mawasiliano ni nzima, mfumo ulikuwa ukituma mfululizo ujumbe wenye sura ileile ya ujumbe wa shambulio, isipokuwa mahali pa idadi ya makombora paliwekwa sifuri. Ilitosha sifuri moja igeuke 2. Kihatarishi kilizibwa mlango mmoja, kikaingilia mwingine, kwa sababu swali lililoulizwa mwaka 1979 lilikuwa habari za zoezi zimefikaje pale, wakati swali lililostahili lilikuwa ni kwa njia ngapi kitu kisicho shambulio kinaweza kuvaa sura ya shambulio.

Kuna wakati kompyuta husema kweli na bado watu hufa. Tarehe 3 Julai 1988, manowari ya Marekani Vincennes, yenye mfumo wa Aegis uliokuwa miongoni mwa mifumo ya hali ya juu kabisa ya wakati ule, iliitungua ndege ya abiria ya Iran, safari namba 655, juu ya Ghuba, na watu wote 290 waliokuwamo, 66 kati yao watoto, walikufa. Kumbukumbu za mfumo zilionyesha kwamba ndege ilikuwa inapanda. Katika chumba cha mapambano ilitangazwa kwamba inashuka kuelekea melini. Uchunguzi ulioongozwa na Admirali William Fogarty uligusa jambo dogo la usanifu: namba ya kimo ilikuwapo, lakini mfumo haukuonyesha waziwazi kama namba hiyo inaongezeka au inapungua, kwa hiyo mtu alilazimika kuisoma, kuikumbuka, kuisoma tena na kuilinganisha kichwani, meli ikiwa wakati huohuo inarushiana risasi na boti. Katika utulivu wa chumba cha majaribio hesabu hiyo ni ya sekunde mbili. Kihatarishi hapa kilikuwa umbali kati ya habari na uelewa, na mkaguzi anayeridhika kwamba habari sahihi imo ndani ya mfumo, bila kuuliza kama mtu mwenye hofu anaweza kuisoma sawasawa, ameukagua mfumo nusu na kumwacha binadamu aliyeko ndani yake.

Patriot wenyewe ulirudi katika taarifa za uchunguzi. Machi 2003, karibu na mpaka wa Kuwait, uliitungua ndege ya Uingereza aina ya Tornado iliyokuwa inarejea kutoka kazini, na wanahewa wake wawili walikufa. Uchunguzi wa Uingereza ulionyesha kwamba kifaa cha ndege cha kujitambulisha kwa marafiki hakikuwa kinafanya kazi, kwamba kikosi cha Patriot kilikuwa kinajitegemea bila vyombo vyake vyote vya mawasiliano, na kwamba vigezo vya mtambo vya kulitambua kombora linaloiwinda rada vilikuwa vipana mno, vimepangwa kwa vitisho vya dunia nzima badala ya vile vilivyotazamiwa kutoka Iraq. Miaka kumi na miwili baada ya Dhahran, dhana ilikuwa imesafiri tena pamoja na mtambo bila kufunguliwa. Safari hii wahenga waliosema mdharau mwiba mguu huota tende wangekuwa na haki ya kuuliza ni mara ngapi mwiba mmoja unaweza kudharauliwa.

Kuhusu usalama wa mitandao barua hii haitasema mengi, kwa vile ndilo eneo linalozungumzwa zaidi, isipokuwa jambo moja linalohusu hoja yake. Oktoba 2018 ofisi ileile ya ukaguzi ya Marekani ilitoa taarifa kuhusu mifumo ya silaha inayoundwa, ikaeleza kwamba katika jaribio moja nenosiri la msimamizi wa mfumo lilikisiwa ndani ya sekunde 9. Habari iliyopaswa kuwatia uchungu zaidi wahusika iko penginepo katika taarifa hiyo: katika mfumo mmoja, kati ya udhaifu 20 uliokuwa umebainishwa katika ukaguzi wa awali, ni mmoja tu uliokuwa umerekebishwa. Mambo 19 yalijulikana, yaliandikwa, yalikabidhiwa, na yakabaki.

Majeshi ya Afrika Mashariki yanahusika na haya yote kwa namna ya pekee, kwa sababu sehemu kubwa ya mitambo yao hutoka nje, nayo huja na dhana zilizotungwa kwa hali ya hewa nyingine, umeme mwingine, adui mwingine na lugha nyingine. Ofisa wa ununuzi hukagua bei, vipuri, mafunzo na muda wa dhamana. Ni halali yake pia kuweka katika mkataba kwamba muuzaji atakabidhi orodha ya dhana za usanifu kwa namba, na kwamba kila onyo litakalotolewa baadaye kwa mnunuzi yeyote wa mtambo huohuo litamfikia na yeye. Muuzaji atakayekataa kwa kisingizio cha siri za biashara ameshatoa habari muhimu kuhusu mtambo wake.

Suala la lugha si la pembeni. Kiswahili kilikuwa lugha ya askari katika kikosi cha wakoloni cha King's African Rifles, na leo ndicho kinachotumika kambini kila siku katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania na katika jeshi la Uganda. Mhudumu wa mtambo anaweza kuwa amefundishwa kwa Kiingereza darasani na akafaulu, lakini saa nane za usiku, amechoka, king'ora kinalia, atafikiri kwa lugha anayoizungumza na mwenzake wa zamu. Onyo lililoandikwa kwa lugha ya kijitabu cha kiwandani, lenye sentensi ndefu na masharti matatu, limeshajipunguzia uwezekano wa kufuatwa. Kulitafsiri kwa Kiswahili cha kambini, kifupi na chenye namba, ni sehemu ya usanifu wa mfumo, na gharama yake iingizwe katika bajeti ya mradi tangu mwanzo badala ya kuachiwa ari ya koplo mmoja mwenye mwandiko mzuri.

Wahusika wanaombwa mambo machache. Wasanifu waandike dhana zao zikiwa bado mbichi, maana baada ya mwaka mmoja hakuna anayezikumbuka kuwa ni dhana. Wanaojaribu waujaribu mtambo kwa muda utakaotumika kweli, ikiwezekana mara mbili ya muda huo, na wawaweke mbele yake askari waliokesha, siyo mafundi waliouzoea. Ofisi za miradi zikome kudhani jinsi vikosi vinavyoutumia mtambo. Maofisa waliopokea kumbukumbu za tarehe 11 Februari walihitaji kupiga simu moja tu, kuuliza kila kikosi mtambo wake umewaka kwa saa ngapi tangu ulipozimwa mara ya mwisho. Na makamanda wanaotia saini mapokezi wasitie saini hiyo mpaka wapewe jina la mtu mmoja atakayewajibika kuwafikishia maonyo watumiaji, na njia ya kuthibitisha kwamba yamesomwa na kueleweka.

Onyo lililostahili kupelekwa kwa kila kikosi cha Patriot, likiandikwa kwa Kiswahili, lingekuwa hivi: "Mtambo usiwake zaidi ya saa 8 mfululizo. Zima, washa upya. Ni sekunde 60 hadi 90. Ukipita saa 20 bila kuzimwa, hauoni kombora." Habari zote zinazohitajika kuliandika zilikuwa mezani tarehe 11 Februari 1991, wakati askari wa kusafisha maji wa Greensburg walikuwa bado hawajafika Saudi Arabia.